Inachemka mlimani pekee: kisa cha Land Cruiser ya 1HZ

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya watalii ya aina inayoonekana kila asubuhi ikitoka Nairobi: chasisi ya 79 iliyorefushwa, paa la kuinuka, viti saba nyuma, na injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo, ile mashine ya kusukumia injini hewa ya ziada. Kazi yake ni kupeleka wageni Maasai Mara kupitia Narok na Sekenani. Lalamiko la dereva lilikuwa fupi. Kwenda hakuna shida. Kurudi, gari likishaondoka Mai Mahiu na kuanza kupanda kuelekea Rironi, baada ya kilomita chache sindano ya joto inaacha katikati na kukimbilia nyekundu. Akiegesha kando na kuacha injini ingurume bila kukanyagwa, sindano inashuka ndani ya dakika tano. Jam ya Waiyaki Way haisumbui. Tambarare ya Suswa kwa kilomita 80 kwa saa haisumbui.

Gari lilikuwa limeshapita kwa mafundi kadhaa. Themostati, vali inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto, ilitolewa na kutupwa. Pampu ya maji ikabadilishwa, kifuniko cha rejeta kikabadilishwa, klachi ya feni, kiungo kinachoikaza feni izunguke kwa kasi joto likipanda, ikaongezwa mafuta ya silikoni. Ushauri wa mwisho aliopewa mwenye gari ni kwamba hedi, kichwa cha injini kinachofunika silinda, imepasuka, itolewe ipelekwe kukaguliwa. Akasita kulipia, na kusita huko kulimwokolea pesa nyingi.

Dalili zenyewe zilikuwa zimeshasema mengi kabla ya boneti kufunguliwa. Injini inayochemka kwenye jam na kupoa barabarani kwa kawaida ina shida ya hewa: feni, shraudi yake (kava linaloizunguka), au uchafu kwenye mapezi ya rejeta. Inayopoa kwenye jam na kuchemka inapobebeshwa mzigo mara nyingi ina shida ya maji: kiasi kinachopita kwenye rejeta kwa dakika ni kidogo kuliko joto linalozalishwa. Iliyo na gasi ya silinda ndani ya maji, kama ya hedi iliyopasuka, haichagui sana. Huchemka mlimani, kisha siku moja inaanza kuchemka hata Westlands. Hili la kwetu lilielekea kwenye kundi la pili, lakini dalili peke yake haitoshi kumfanya mtu afungue pochi.

Mlima huu unaadhibu gari kwa sababu zinazosahaulika. Nairobi ni mita 1,795 juu ya usawa wa bahari na Limuru ni zaidi ya mita 2,200. Presha ya hewa hapa mjini ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 94, na Limuru chini ya 93. Hewa inayopita kwenye rejeta ni nyepesi, kwa hiyo kila lita yake inabeba joto pungufu. Injini isiyo na tabo nayo inakosa hewa wakati pampu ya dizeli inaendelea kumwaga kiasi kile kile, isipokuwa pampu iwe na kifaa cha kupunguza dizeli kulingana na mwinuko. Ndiyo maana moshi mweusi huonekana nyuma ya magari haya juu ya Rironi. Rejeta iliyopoteza theluthi ya uwezo wake inaweza kumaliza mwaka mzima Mombasa bila mtu kujua.

Kazi ya kwanza ilikuwa kurudisha gari katika hali ambayo vipimo vyake vina maana. Hapa ilimaanisha kurudisha themostati. Mazoea ya kuitoa “ili maji yapite vizuri” yameenea mno Nairobi, na kwenye 1HZ ni kosa la wazi. Themostati za namna hii zina diski mbili: ya juu hufungua njia ya kwenda rejeta, na wakati huo huo ya chini huziba njia ya mkato inayorudisha maji moja kwa moja kwenye pampu. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Maji hupenda njia nyepesi, kwa hiyo sehemu kubwa yanazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Asubuhi injini inachelewa kupata moto, mchana mlimani inachemka, na fundi anaapa kwamba themostati haihusiki kwa sababu haipo.

Themostati mpya iligongwa namba 82. Kabla ya kufungwa ilipimwa kwenye sufuria, imening'inizwa kwa waya isiguse chuma, kipimajoto kando yake. Inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikikaribia 95 iwe imefunguka milimita 10 hivi. Hapa mjini sufuria haifiki 95. Inachemka kwenye 94 na kukomea hapo, kwa hiyo ukiona milimita 8 au 9 usiitupe. Kivalvu kidogo kinachochezacheza pembeni kikae juu kabisa wakati wa kufunga, la sivyo hewa hunaswa chini yake na injini inapata moto wa uongo siku hiyo hiyo.

Kifuniko kilifuata. Kile cha mtaani kilichokuwa juu ya rejeta kilipimwa kwa pampu ya mkono na kuachia kwenye 0.5 bar. Kwa kifuniko cha aina hii kiwango ni 0.74 hadi 1.03 bar, na chini ya 0.6 hakifai. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa 0.9 bar, maji matupu hapa Nairobi yanachemka kwenye nyuzi 115 hivi, kwa 0.5 ni kama 107. Kifuniko kikiwa kimekufa kabisa ni zile 94. Kifuniko kibovu huzaa kuchemka ambako hakukuwepo na humwaga maji kupitia chupa ya akiba, jambo linaloeleza nusu lita iliyokuwa ikipungua kila safari. Kilibadilishwa. Mfumo mzima ukapigwa 0.9 bar injini ikiwa baridi na kuachwa robo saa. Sindano ya pampu haikushuka, kwa hiyo hakuna tone lililokuwa likitoka nje.

Hedi sasa. Kuna ishara ya bure ambayo haihitaji kifaa: gari lililolala usiku kucha, asubuhi ushike mpira wa juu wa rejeta, bomba linaloleta maji ya moto kutoka kwenye injini, kabla ya kuwasha. Ukiwa mgumu kama umejaa upepo, kuna gasi ya silinda iliyobaki ndani. Huu ulikuwa laini. Kisha kikatumika kile kichupa chenye dawa ya buluu kinachokaa kwenye mdomo wa rejeta: maji yanapunguzwa yasifikie dawa, injini inawashwa na kupata moto, hewa ya juu ya maji inavutwa kupitia dawa. Kwenye injini ya petroli gasi ya moshi hugeuza dawa kuwa njano. Kwenye dizeli huishia kijani, na wengi wanasubiri njano isiyokuja kisha wanatangaza hedi nzima. Hapa dawa ilibaki buluu baada ya dakika mbili kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Kipimo hiki kinafanywa injini ikiwa haina mzigo, kwa hiyo ufa unaofunguka kwa mzigo tu unaweza kukiponyoka. Lakini pamoja na mpira laini, oili isiyo na rangi ya chai ya maziwa, na moshi usio mweupe asubuhi, hedi iliwekwa mwisho wa orodha.

Kipimo kilichoamua kilihitaji mlima. Kushuka Mai Mahiu kila mara ni mbali na malori ni mengi, hivyo likatumika lile bonde la barabara ya Magadi: unapita Rongai, Kiserian, unavuka Kona Baridi na kushuka upande wa Olepolos, kisha unageuza na kupanda. Rongai yenyewe inakupa jam bila kuiomba. Nyuma ya gari ikawekwa mifuko kumi ya saruji, nusu tani, mbadala wa wageni na mizigo yao. Sindano ya dashibodi haikutegemewa kabisa. Kwenye Toyota nyingi za namna hii hukaa katikati kwa masafa mapana ya joto, na ikianza kutembea tayari umechelewa. Vipimajoto viwili vya waya, vya bei nafuu vinavyopatikana Luthuli Avenue, vilifungwa kimoja juu ya mpira wa juu na kingine juu ya mpira wa chini, vikafunikwa sponji na tepu ili upepo usivipoze. Cha tatu kikaning'inizwa nyuma ya rejeta, usawa wa kitovu cha feni, waya ukiwa umefungwa mbali na mapanga. Bunduki ya infraredi ni nzuri pia, ila isielekezwe kwenye chuma kinachong'aa: inasoma chini sana. Pima kwenye mpira, au paka chuma rangi nyeusi isiyong'aa.

Rongai: mpira wa juu nyuzi 86, wa chini 74. Hakuna la kushangaza. Mlimani, gia ya tatu, mizunguko 2,000, baada ya kilomita nne: juu 103, chini 66, na juu bado inapanda. Hewa ya nyuma ya rejeta usawa wa feni: 48. Feni haikuvuma hata mara moja.

Hapo ndipo kisa kilipofunguka. Kwenye mfumo mzima, injini hii ikiwa imebebeshwa, tofauti ya juu na chini huwa nyuzi 8 hadi 12. Hapa ilikuwa 37. Joto linaloondolewa ni kiasi cha maji kinachopita mara tofauti ya nyuzi zake. Tofauti ikiwa mara tatu na zaidi wakati joto ni lile lile, maji yanayopita hayafiki theluthi. Yale machache yanayopita yanapoozwa vizuri sana, kwa hiyo hewa haina lawama kubwa. Kama shida ingekuwa feni au uchafu wa nje, mipira yote miwili ingepanda pamoja, 103 juu na 95 chini. Anayekumbuka jambo hili moja anaweza kuruka nusu ya ununuzi wa spea.

Maji machache yana watuhumiwa watatu waliobaki: pampu, mkanda unaoteleza, au rejeta iliyoziba. Mkanda ulikuwa umekaza na haukuwa na mng'ao wa kuungua. Kati ya pampu na rejeta, mpira wa chini ndio shahidi. Themostati inapofunguka tu, kabla presha haijajaa, mtu mmoja anakanyaga hadi 3,000 na mwingine anaangalia. Mpira ulinywea katikati kama chupa ya plastiki inayonyonywa. Pampu dhaifu hainyonyi namna hiyo. Iliyokuwa ikinyonya ilikuwa nzima, na kizuizi kilikuwa upande inakonyonya. Ukisubiri presha ijae, mpira unajaa na kusimama wima, na ushahidi unapotea.

Injini ikazimwa ikiwa ya moto, na bunduki ya infraredi ikapitishwa juu ya rejeta kutoka upande wa injini, kati ya mapanga ya feni. Pande zote mbili 84 hadi 87. Katikati, ukanda wa wima wenye upana wa viganja viwili, 50 hadi 55. Mirija ya rejeta hii inashuka wima kutoka tangi la juu hadi la chini, kwa hiyo ukanda baridi wa wima una maana moja tu: mirija hiyo haipitishi maji.

Na hapo likapatikana jibu la feni isiyovuma. Klachi ya feni inaamriwa na springi ya metali mbili iliyo usoni mwake, na springi hiyo inahisi hewa inayotoka kwenye rejeta. Haijui chochote kuhusu maji ya injini. Ukanda uliokufa ulikuwa mbele yake kabisa. Injini ilikuwa ikichemka huku feni ikipulizwa hewa ya nyuzi 48 na kuamini kwamba mambo ni shwari. Aliyeongeza mafuta ya silikoni alikuwa akitibu kiungo kizima. Ili kuthibitisha, rejeta ilifunikwa kwa kadibodi sehemu kubwa, injini ikashikiliwa kwenye 2,000. Hewa iliyozunguka springi ilipofika karibu nyuzi 70, feni ilishika na kuvuma kama inavyotakiwa.

Rejeta ilitolewa na kupelekwa kwa fundi wa rejeta wa Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanasema Grogan. Hii ilikuwa ya shaba, tangi la juu linafumuliwa kwa moto wa gesi. Ndani, mirija kumi na moja ya safu ya nyuma ilikuwa imekunjwa na kuzibwa kwa risasi ya kulehemu, kazi ya mkono, nadhifu hata. Safu mbili zilizobaki zilikuwa na utando wa kahawia mgumu kwenye midomo: ile poda ya kuziba uvujaji inayouzwa petroli stesheni, iliyochanganyika na magamba ya maji ya kisima. Dereva alipoonyeshwa alikumbuka. Msimu wa mvua gari lilivuka korongo lenye maji ya kufikia bampa, na baadaye likaanza kuvuja katikati ya rejeta. Lilizibwa Narok, likatiwa poda, likarudi kazini. Uvujaji uliisha. Kuchemka kulianza.

Hilo la korongo lielezwe, kwa sababu ni ajali ya magari ya porini na mara nyingi haiunganishwi na joto. Mapanga ya feni ya plastiki yakiingia ndani ya maji huku yanazunguka kwa kasi yanajaribu kusukuma maji nyuma, na maji yanayasukuma mbele. Yanapinda, ncha zinagusa rejeta, na mirija ya safu ya nyuma inakatwa. Kabla ya kuvuka maji marefu funga turubai mbele ya grili, ingia taratibu kwa gia ya chini na mwendo usiobadilika, usiongeze kanyagio katikati. Wengine huacha injini ipoe kwanza ili klachi ya feni ilegee. Ni wazo zuri kama kuna muda.

Matengenezo hayakuwa na mjadala mrefu. Kupitisha waya kwenye mirija kungerudisha safu mbili kwa muda, lakini mirija kumi na moja ilikuwa imekufa na kuta za mingine zimekonda. Iliwekwa kiini kipya kwenye matangi ya zamani: safu tatu kama ya awali, na mapezi yenye msongamano ule ule. Sisitiza hilo la mwisho. Kiini cha safu mbili chenye mapezi ya mbali ni rahisi kupata na kinaingia bila shida, na kwa gari la shule la mjini kitatosha. Kwa nusu tani kwenye mlima wa Rironi, hapana. Wakati rejeta iko nje, nafasi kati yake na kondensa ya eya kondishena ilisafishwa: ilikuwa na zulia la mbegu za nyasi na vumbi la Suswa. Maji yapigwe kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa presha ya bomba la kawaida. Mashine ya kuoshea magari hukunja mapezi, na mapezi yaliyolala hayapitishi hewa tena. Kipande cha chini cha shraudi kilichokuwa kimekatika kilirudishwa. Bila hicho feni huvuta hewa ya moto ya injini badala ya ile ya rejeta.

Injini ilisuuzwa kwa maji safi mara tatu, plagi ya bloku ikiwa wazi, hadi maji yakatoka bila rangi. Kulanti ni nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, ya dukani. Nairobi haina barafu, kwa hiyo watu huuliza ya nini. Inazuia kutu na inasogeza kiwango cha kuchemka juu kwa nyuzi kama 8. Zaidi ya nusu haina faida, kwani kulanti tupu hubeba joto kidogo kuliko maji. Kujaza: pua ya gari juu ya mteremko, hita kwenye moto kabisa, kifuniko wazi, mizunguko 1,500 hadi themostati ifunguke na mapovu yaishe. Pima kilichotoka na kilichoingia. Pengo la lita moja na nusu ni hewa iliyobaki kwenye hedi.

Kona Baridi tena, mifuko ile ile kumi, gia ya tatu, 2,000: juu 92, chini 82, hewa ya feni 71. Feni ilivuma kilomita ya tatu, ikanyamaza baada ya dakika mbili, ikavuma tena. Kifua cha dereva kilishuka kabla ya sindano. Safari ya kweli ya kutoka Mara ikiwa na wageni wote iliishia 95 juu ya mpira wa juu karibu na Rironi, eya kondishena ikiwa imewashwa.

Kuna mawili yaliyobaki wazi. Dereva alikuwa na tabia ya kushikilia gia ya tatu hadi injini inateremka 1,500. Nguvu ya kuvuta ya 1HZ iko kwenye 2,200. Chini ya hapo pampu ya maji na feni zinazunguka polepole wakati joto liko juu kabisa. Gia ya pili kwenye 2,500 inapiga kelele lakini inapoza, na akipima kwa waya zile mbili ataona nyuzi 4 au 5 za tofauti kwenye kona ile ile. La pili ni moshi mweusi juu ya mita 2,000, mwingi kuliko unavyopaswa kuwa. Pampu ya dizeli ina alama za bisibisi kwenye skrubu ya kiwango cha juu, na lakiri ya kiwandani imevunjwa. Inapelekwa kwenye benchi ya pampu, nozeli sita zikipimwa pamoja nayo. Mpira wa chini ulionywea umeagizwa mwingine, kwa sababu ukishakunjwa mara nyingi kitambaa cha ndani huachana na kuziba njia kutokea ndani, mahali ambapo jicho halifiki.